Meza ya vinywaji uwanjani Malindi: mwongozo kamili wa bei, foleni na namna ya kuhudumia

Tangu mashindano ya mitaa yaanze nimeulizwa swali lilelile na watu wanne tofauti: "Mbona nimeuza mpaka madumu yakakauka, na nikifika nyumbani pesa haionekani?" Wa tano hakuuliza, alifunga tu meza yake akasema viwanja vya Malindi havina wateja.

Wateja wapo. Nimeuza vinywaji uwanja wa Alaskan, hapa Malindi, na kwenye viwanja vya mchanga vya mitaani kwa misimu kadhaa, na kila ninapomwona mtu akipata hasara, naikuta sehemu moja: robo saa ya mapumziko. Sheria za mpira zinasema mapumziko yasizidi dakika 15, yaani sekunde 900. Muuzaji mmoja anayepokea pesa, akatafuta chenji, akamimina, akakabidhi, hutumia nusu dakika kwa mteja mmoja, tena akiwa mwepesi. Hao ni watu 30. Uwanja una watu 250 na filimbi ya kipindi cha pili haimsubiri mtu.

Kwa hiyo karibu kila kitu hapa chini, bei, kadi, vikombe, hata mahali pa kuweka meza, kimepangwa kwa ajili ya hizo dakika 15. Ni mwongozo wa meza moja, watu wanne au watano, na vinywaji visivyo na kileo.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Usianze kununua sukari kabla hujakamilisha orodha hii.

- Meza moja ndefu, au mbao mbili juu ya kreti, na kitambaa cha kufunikia.
- Madumu safi ya lita 5 ya juisi, nane hivi, na mitungi miwili ya maji ya kunywa ya lita 20, mmoja uwe na bomba.
- Kasha la barafu lenye mfuniko, na kilo moja ya chumvi ya mawe.
- Vikombe vigumu vya kuosha: 80 vya mililita 300 na 40 vidogo vya mililita 120. Vipake rangi moja chini ya kitako, ili kikombe chako ukijue hata kikiwa kwenye meza ya mwenzako.
- Beseni tatu, sabuni ya maji, na dawa ya klorini isiyotiwa manukato.
- Manila ya rangi mbili, mkasi, na muhuri au alama yako ya mkono.
- Aproni yenye mifuko miwili.
- Chenji: noti 20 za shilingi 50 na sarafu 25 za shilingi 20. Hiyo ni shilingi 1,500, na uiandike kabla hujatoka nyumbani.
- Kamba ya mita 10 na vijiti vinne.
- Pipa la taka au gunia. Wakikukuta huna, mwakani hawakupi nafasi.

Dele la kahawa na finjani zake ni la hiari. Nitalizungumzia mbele.

## Hatua ya 1: Ruhusa, kabla ya jiko

Kuna milango mitatu ya kubisha. Kamati ya mashindano ndiyo inayogawa nafasi uwanjani. Ofisi ya kaunti inataka kibali cha biashara. Afisa wa afya ya umma atataka kuona cheti cha afya cha kila anayeshika kinywaji, na cheti hicho hupimiwa upya kila miezi sita. Anayekusaidia kumimina naye anahesabiwa, hata kama ni mdogo wako wa tumbo moja.

Kwenye kamati uliza mambo mawili, na upate majibu mbele ya mashahidi: ada ya meza ni ya mechi moja au ya mashindano yote, na meza za vinywaji zitakuwa ngapi. Wengi hulipa wakidhani wako peke yao, kisha siku ya fainali wanakuta meza sita zimepangwa kama maduka ya sokoni.

Hatua hii imekwisha ukiwa na karatasi mkononi. "Wee njoo tu, tutaonana hapo" si ruhusa.

## Hatua ya 2: Chagua vinywaji vitatu, usizidishe

Anayeuza aina nane huulizwa maswali nane. "Ya pesheni iko? Na ya embe? Haijachanganywa na maji?" Kila swali ni sekunde kumi za mapumziko. Chukua juisi moja kali na moja tamu, na maji. Mimi huchukua ukwaju kwa sababu hukata kiu na hauharibiki upesi, na embe msimu wake ukifika. Mabungo yakiwepo sokoni huwa nayapendelea, ila kuyachuja kunataka mtu mwenye subira kuliko mimi.

Madafu ni mazuri nyumbani, uwanjani ni balaa. Kwanza panga halina kazi katikati ya watu waliokasirishwa na penalti. Pili, dafu tupu likiachwa chini ni jiwe linalosubiri mkono. Ukitaka kuyauza, yapasulie nyumbani asubuhi ileile, maji yake uyaweke kwenye dumu lililofukiwa barafu, na yaishe siku hiyohiyo.

Soda za chupa ya kioo mimi nimeziacha kabisa. Kreti ni chupa 24, kila chupa una rehani yake kwa muuzaji wa jumla, na ikipotea moja imekula faida ya zile kadhaa ulizouza. Sababu ya pili nitaieleza kwenye hatua ya 7, maana ilinigharimu msimu mzima.

## Hatua ya 3: Bei inayokataa chenji

Anza na gharama zako zote, hata zile unazojifanya huzioni: ukwaju, sukari, maji, gesi au makaa, barafu, tuktuk ya kwenda na kurudi, ada ya meza, na ujira wa wasaidizi. Tuseme lita 20 za juisi zikikamilika zimekugharimu 1,500. Kwa vikombe vya mililita 300, lita 20 ni vikombe 66. Hesabu 60, kwa sababu kuna kitakachomwagika, kuna cha kuonja, na kuna cha yule mzee wa kamati usiyeweza kumdai.

Kikombe kimoja basi kimekugharimu 25. Ukiuza 30, lazima uuze vikombe 50 kati ya 60 ndipo urudishe pesa yako. Mvua ikinyesha dakika ya 40, umekwisha. Ukiuza 50, pesa yako inarudi kwenye kikombe cha 30, yaani nusu ya mzigo.

Sasa sikiliza kilichonipata nilipoanza. Nilikuwa mjanja, nikaweka 35, ili nionekane rahisi kuliko wa 40. Mapumziko yakafika, bwana mmoja akaja na noti ya elfu akitaka mbili.

"Huna ndogo, bwana?"

"Ami, hii ndiyo niliyonayo."

Chenji ni 930. Nikakimbia duka la ng'ambo ya barabara. Niliporudi, foleni ilikuwa imerudi kutazama mpira, vikombe viwili vilivyokuwa vimejazwa havipo mezani, na yule bwana ananiambia nimechelewa, angalia, wameshaanza. Kwa kuokoa shilingi tano nilipoteza wateja kumi na zaidi.

Tangu siku hiyo nina bei mbili tu. Shilingi 50 kikombe kikubwa cha juisi. Shilingi 20 kikombe cha mtoto cha juisi, au kikombe kikubwa cha maji. Ukipiga hesabu utaona mililita 120 kwa 20 na mililita 300 kwa 50 ni bei ileile kwa kila tone, kwa hiyo hakuna atakayesema unawapunja watoto. Na kila jumla inalipika kwa noti ya 50 na sarafu ya 20.

Iandike bei kwa herufi kubwa ubaoni, na usiipandishe siku ya fainali. Najua jirani yako atapandisha. Mtu aliyekunywa kwa 50 kwenye mechi za makundi akikuta 80 fainali, hatagombana nawe. Atakuja na chupa yake ya maji kutoka nyumbani, na msimu ujao ataanza nayo siku ya kwanza.

Hili si la Malindi peke yake. Mercedes-Benz Stadium ya Atlanta, Marekani, ilipofunguliwa mwaka 2017 iliweka soda kwa dola 2 na ruhusa ya kujaza tena bila malipo, katika nchi ambayo watu wamezoea kukamuliwa viwanjani. Wenye uwanja walikuta matumizi ya kila mtazamaji yamepanda badala ya kushuka.

Onyo: maji yasiwe kitu cha kupatia faida. Kwenye kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, jua la saa kumi linachoma, na mtu asiyemudu 50 lazima apate cha kunywa. Hiyo 20 ni ya kurudisha gharama. Mtoto aliyekosa hata hiyo mpe, na usimpigie kelele mbele ya wenzake.

## Hatua ya 4: Maji, barafu na kupoza

Hapa ndipo mtu anaweza kuumwa kwa ajili yako, kwa hiyo nenda polepole.

Maji ya mfereji ya Malindi yanatoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, yakiwa yametibiwa, lakini kati ya huko na ndoo yako kuna tangi, bomba la jirani na mtungi wa mkokoteni. Yachemshe yote ya kunywa na ya juisi, yatokote kwa nguvu angalau dakika moja, usiku wa kuamkia mechi. Yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Usiyahamishie kwenye chombo kingine ambacho hukukisafisha.

Barafu ndiyo mtego. Inayouzwa kwa wavuvi imetengenezwa kwa ajili ya samaki. Inafaa sana kupoza, ila kwa nje tu: madumu yafungwe vifuniko, yafukiwe ndani yake. Kipande kisiingie kwenye juisi hata mteja akikuomba.

Namna nzuri ya kupoza ni hii. Kati ya kila madumu manne ya juisi, moja ligandishe usiku kucha. Usilijaze mpaka juu, acha vidole vinne, kwa maana maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9 na dumu hupasuka. Uwanjani, dumu lililoganda unalimimina kidogokidogo kwenye mengine kadiri linavyoyeyuka. Juisi inakuwa baridi bila kuwa chapwa, kwa sababu barafu yenyewe ni juisi.

Kisha nyunyiza chumvi ya mawe juu ya barafu ndani ya kasha. Barafu yenye chumvi huyeyukia kwenye joto la chini ya sifuri, na madumu hupoa upesi kuliko kwenye barafu tupu. Futa mdomo wa dumu kabla ya kumimina, la sivyo kikombe cha kwanza kitakuwa na ladha ya bahari.

Umefaulu kama dumu likitolewa saa kumi na robo linatokwa jasho na mkono hauwezi kulishika kwa muda.

## Hatua ya 5: Mahali pa meza

Jua la alasiri liko magharibi, kwa hiyo kivuli cha mwarobaini au mkwaju kinaangukia mashariki ya mti. Weka meza upande huo. Wengi huweka meza saa nane kwenye kivuli kizuri, na saa kumi jua liko machoni mwao.

Usikae nyuma ya goli, mpira utakufikia. Kaa karibu na kona, hatua kama 15 kutoka kwenye mstari, na foleni ielekee mbali na uwanja, ili watu wasisukumane kuingia ndani ya mchezo. Ile kamba ya mita 10 ifunge kwenye vijiti viwiliviwili utengeneze njia ya kupita mtu mmoja: wanaingia upande huu, wanatokea upande ule. Kusi likivuma, vumbi la uwanja hupanda, basi mgongo wa meza uelekee upepo na vikombe vilale kifudifudi chini ya kitambaa.

## Hatua ya 6: Uza kadi kabla ya filimbi

Ukisoma hatua moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Pesa na kinywaji visikutane mezani. Kata manila vipande vya ukubwa wa kiberiti: rangi moja kwa 50, nyingine kwa 20. Piga muhuri kila kimoja na uandike tarehe. Rangi zibadilishe kila mechi, maana vijana wa mitaa yetu wana akili, na kadi ya Jumamosi itajitokeza tena Jumapili.

Idadi ya kadi isizidi vikombe vinavyojazwa na juisi uliyo nayo. Kama una lita 40 za juisi, hizo ni vikombe vikubwa 120 kwa hesabu yetu. Ukitaka kutoa vidogo 50, vinachukua lita 6, ambayo ni vikubwa 20 visivyozidi. Kata kadi 100 za 50 na kadi 50 za 20 za juisi. Kadi za maji zitie alama tofauti. Zikiisha, zimeisha. Afadhali kumwambia mtu "zimeisha" akiwa amekaa chini kuliko kumwambia akiwa na kadi mkononi.

Dakika ya 25 ya kipindi cha kwanza, muuza kadi avae aproni na azunguke kwa watazamaji. Mfuko wa kulia kadi, wa kushoto pesa. Asiwe mtu wa haya, na asiwe yule anayesimama kutazama mpira. Kipindi hiki ndicho chenye muda wa kutafuta chenji: mwenye noti ya elfu anaambiwa "subiri nikuzungukie", na akirudi dakika tano baadaye ana noti ndogo tele.

Kwa M-Pesa, bandika namba ya till mgongoni kwa aproni, watu waisome anapopita. Onyo kubwa: kadi itolewe baada ya ujumbe kuingia kwenye simu *yako*. Usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, hata akiapa. Ujumbe wa bandia unatengenezwa kwa dakika moja.

Umefanikiwa kama zaidi ya nusu ya kadi zimeuzwa kabla refa hajapuliza mapumziko.

## Hatua ya 7: Robo saa yenyewe

Dakika ya 40, mmiminaji aanze kujaza vikombe. Visimame mezani mistari kumikumi, vimefunikwa kitambaa safi. Usijaze mpaka ukingoni: acha upana wa kidole, kwa sababu kikombe kilichojaa humwagika kwenye kanzu ya mtu na hapo utapoteza muda wa kuomba radhi.

Mbali na muuza kadi, mezani wawe watu watatu, kila mmoja na kazi moja. Wa kwanza anapokea kadi na kuitia kwenye kopo. Wa pili anakabidhi kikombe kwa mkono wa kulia. Wa tatu anamimina tu, hata akiitwa na shangazi yake. Wa nne, kama yupo, anaosha. Mteja mmoja sasa hutumia kama sekunde 8, na sekunde 900 zinatosha watu zaidi ya 100. Wale 30 wa mwanzo wa makala hii wamekuwa 100, na hujaongeza hata shilingi kwenye bei.

Asiye na kadi hahudumiwi kwenye njia ya kamba. Aende kwa muuza kadi aliyesimama pembeni. Ukivunja kanuni hii kwa rafiki mmoja, dakika inayofuata foleni yote ni marafiki.

Sasa zile chupa za kioo. Fainali moja niliuza soda, na wateja nikawaachia waondoke na chupa. Dakika ya 80 refa akatoa penalti iliyozua zogo, chupa ikaruka kutoka kwenye kundi na kuanguka hatua mbili kutoka kwa mshika kibendera. Haikumpata, alhamdulillahi. Mchezo ukasimama, kamati ikazunguka kuuliza chupa imetoka wapi, na meza yenye soda ilikuwa moja. Nilikaa nje msimu mzima, na walikuwa na haki.

Kwa hiyo hakuna kioo kinachotoka mezani. Chupa za plastiki za maji nazo zifunguliwe, kifuniko kibaki kwako: chupa isiyo na kifuniko hairuki mbali, humwagika njiani.

## Hatua ya 8: Nani anapewa nini

Wazee hawapangi foleni. Watengee benchi kivulini na upeleke kinywaji walipo. Wengi hawapendi kunywa wakiwa wamesimama, na hapo ndipo dele la kahawa linapolipa. Kijana mmoja akizunguka na dele na finjani mkononi, akizigonganisha kama wauza kahawa wetu wanavyofanya, hahitaji bango. Kahawa chungu na kipande cha kashata, jioni ya kusi, huuzika kuliko juisi. Kaskazi usijisumbue nayo kabla jua halijatua.

Wachezaji wasinywe kutoka mezani kwako kwa bahati nasibu. Wape mtungi wao, bila malipo, uwekwe nje ya mstari upande wa mabenchi. Ongea na refa kabla ya mechi: sheria inaruhusu kusimama kunywa maji kwa muda usiozidi dakika moja, na kwenye joto kali mapumziko ya kupoa ya kati ya sekunde 90 na dakika 3. Ukijua dakika atakayosimamisha, nawe unajua lini watazamaji watakumbuka kiu yao.

Watoto ndio waokota vikombe wako. Kila anayeleta vikombe kumi anapata kikombe kidogo cha juisi. Sijawahi kupata mlinzi bora kuliko hao, na vikombe vinavyopotea kwa mechi havifiki vitatu.

Pombe isiwepo, na mnazi ni pombe hata kama umegemwa alfajiri hiyo na unaambiwa bado mtamu. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inataka leseni, nayo hutolewa na kaunti, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Nusu ya watazamaji wa mitaani hawajafika huko. Anayekuambia mpira hauendi bila bia mkumbushe Qatar 2022: siku mbili kabla ya Kombe la Dunia kuanza, uuzaji wa bia kwenye viwanja ulisitishwa, na mechi zote zikachezwa. Uingereza kwenyewe, tangu sheria ya 1985, mtazamaji wa mechi za ligi kubwa za wanaume haruhusiwi kunywa kileo mahali anapouona uwanja.

Vifuko na vikombe vya kutupa viache. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inafika shilingi milioni 4, kwa hiyo ile juisi ya kufungiwa kwenye kifuko usiifikirie. Mpira ukichezwa ufukweni ndiyo kabisa: tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja, chupa na mirija zikiwemo, haziruhusiwi fukweni wala kwenye hifadhi. Chukua vikombe vyako vigumu na mtungi wa bomba, usafi utakusemea.

## Hatua ya 9: Adhana na Ramadhani

Adhana ikilia, meza inanyamaza. Funika vikombe, acha kuita wateja, adhana iishe. Mechi ikielekea magharibi, malizia kuuza mapema, maana watu wataondoka kwa mkupuo.

Mwezi wa Ramadhani mechi nyingi huhamia usiku, na meza isionekane mchana, hata ya kupanga tu. Usiku hesabu inageuka: watu wameshakunywa wakati wa kufuturu, juisi inapungua kwa nusu, kahawa na tangawizi zinapanda. Punguza madumu, ongeza finjani.

## Hatua ya 10: Kuosha na kufunga hesabu

Beseni la kwanza maji na sabuni, la pili maji safi ya kusuuza, la tatu dawa. Kama klorini yako ni ya asilimia 3.5, vijiko viwili vya mezani kwa lita 10 za maji vinatosha. Vikombe vilale humo dakika mbili, vitolewe, vikauke vyenyewe. Usivifute kwa kitambaa kile kilichofuta meza. Maji ya beseni la kwanza yabadilishe yakianza kuwa na rangi ya ukwaju.

Hesabu ifanyike palepale, kabla ya tuktuk. Kadi ulizotoka nazo, toa zilizobaki kwa muuza kadi, unapata zilizouzwa. Zidisha kwa bei. Jumlisha na ile chenji ya 1,500. Jumla hiyo lazima ilingane na fedha taslimu pamoja na M-Pesa. Kadi zilizo kwenye kopo nazo zihesabiwe: zikiwa chache kuliko zilizouzwa, kuna watu walilipa wakaondoka bila kunywa, na hao watakuja Jumapili na kadi ya rangi ya zamani. Wape kinywaji chao. Zikiwa nyingi kuliko zilizouzwa, kuna kadi mtu amejichapia, na muhuri wako unahitaji kubadilishwa usiku huohuo.

Pesa zikipungua chini ya 100, andika na uendelee. Zikipungua zaidi ya hapo mechi mbili mfululizo, badilisha kazi za wasaidizi bila maneno: muuza kadi aende kwenye beseni, wa beseni achukue aproni. Mara nyingi pengo linaziba lenyewe.